Mcheza Kwao: Jukwaa na Nyumba katika Masimulizi ya Maisha ya Cyprien Rugamba wa Kimihurura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maisha ya Cyprien Rugamba, mshairi, mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Amasimbi n'Amakombe, yanavyosimuliwa tangu alipouawa nyumbani kwake Kimihurura, Kigali, tarehe 7 Aprili 1994. Hoja yake ni kwamba masimulizi mawili yaliyotawala, ya kidini na ya kiturathi, yanaitenga nyumba na jukwaa, na kwa kufanya hivyo yanamfifisha msanii pamoja na mkewe. Masimulizi hayo yanasomwa sambamba na tamthilia mbili za kigeni kuhusu wasanii waliochuja, wasifu mmoja mashuhuri wa Kiswahili, na kazi za mwanawe, Dorcy Rugamba. Sehemu ya mwisho inagusa masuala ya haki na hifadhi yanayowahusu watunga sera wa kanda.

1. Utangulizi

Mgeni anayefika Kigali kwa shughuli za kikazi hupita Kimihurura apende asipende. Ndiko liliko jengo la Bunge, na ndiko lilikosimama jumba la mikutano la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016 na ambalo kuba lake huwaka rangi usiku. Katika mtaa huohuo ilikuwapo nyumba ya Rugamba. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, wanajeshi waliingia humo wakamuua Cyprien, mkewe Daphrose Mukansanga, watoto 6 kati ya 10 wa ndoa hiyo na watu wengine waliokuwamo. Inasimuliwa kuwa usiku wa kuamkia siku hiyo familia ilikesha ikisali.

Kifo hicho kimeathiri mno namna tunavyoyasoma maisha yaliyokitangulia. Aliyekufa hivyo huwa vigumu kumhakiki. Kalamu huinama yenyewe. Na bado Rugamba alikuwa msanii wa jukwaa, mtu aliyeishi kwa kutazamwa, na msanii anastahili kuhakikiwa kama anavyostahili kuombolezwa. Swali linaloongoza makala haya ni rahisi kulitamka: jukwaa liliifanya nini nyumba ya Rugamba, nayo nyumba ililifanya nini jukwaa lake? Wanaomwombea atangazwe mwenye heri hawaulizi sehemu ya pili ya swali hilo. Wanaozihifadhi nyimbo zake kama turathi ya taifa hawaulizi sehemu ya kwanza.

2. Nyumba iliyogawanyika

Mambo ya msingi ya wasifu wake yanajulikana. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1930 huko Karama, kusini mwa Rwanda, akapitia seminari bila kufikia upadri, kisha akasoma historia hadi Leuven, Ubelgiji. Baadaye aliiongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi iliyokuwa Butare, na wakati huohuo akaunda na kufundisha kikundi chake cha ngoma. Msichana aliyetaka kumuoa aliuawa katika machafuko ya mwaka 1963. Mnamo Januari 1965 akamuoa Daphrose, binamu wa marehemu, aliyekuwa mwalimu.

Kwa hiyo ndoa hii ilianza ikiwa na mtu wa tatu ambaye hakuwapo. Wasifu unaosambazwa na wanaoshughulikia shauri la kumtangaza mwenye heri haulifichi jambo hili, wala haufichi kilichofuata: mume alipoteza imani yake, akawa baridi kwa mkewe, akamshuku uchawi, na kuna wakati alimrudisha kwa wazazi wake kwa miezi kadhaa. Daphrose, inasemwa, alimwombea kwa miaka 17. Hapa ndipo msomaji makini anapopaswa kusita. Masimulizi ya kidini yanakiri ugomvi wa nyumbani waziwazi kuliko yalivyo masimulizi mengi ya wasanii wetu, ila yanaukiri kwa kusudi moja tu, ili giza liwe zito kabla ya mwanga. Katika mpangilio huo jukwaa huwekwa upande wa giza. Sifa, safari, makofi na utafiti wa mila za kale hutajwa kama vitu vilivyomweka mbali na Mungu na mkewe kwa pamoja, kana kwamba mke na Mungu walikuwa chama kimoja, na ngoma chama cha upinzani.

Mpangilio huu una kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria. Rugamba hakuingia kwenye ngoma za mila kama mtu anayekimbia nyumbani. Sanaa ya Rwanda aliyoichunguza na kuiigiza ilikuwa, kwa sehemu kubwa, sanaa ya nyumbani tangu awali. Igitaramo, ule mkusanyiko wa jioni ambapo watu huimba, husimulia, hujigamba kwa ibyivugo na kusikiliza inanga, ulifanyika katika makazi, ya mfalme au ya raia, kabla haujapewa jukwaa, pazia na tiketi. Aliyeupeleka igitaramo ukumbini aliichukua sebule akaiweka mbele ya wageni. Methali yetu husema mcheza kwao hutunzwa; tatizo la msanii wa karne ya ishirini ni kwamba "kwao" kulihama. Alichezea taifa, alichezea Ulaya, na waliobaki kwenye sebule halisi waliona nafasi tupu pale alipokuwa akikaa.

Kasoro ya pili inamhusu Daphrose. Masimulizi ya wongofu humfanya kuwa nguzo ya subira, na nguzo haina sauti. Tunaambiwa alisali, hatuambiwi alivyosikia nyimbo za mumewe, ambazo kama Mnyarwanda aliyesoma alizielewa neno kwa neno. Mke wa msanii ndiye msikilizaji wa kwanza wa kazi, na mara nyingi ndiye pekee anayejua ni mstari gani uliandikwa siku gani na baada ya maneno gani. Uhakiki wa fasihi simulizi katika kanda yetu umejifunza kumtafuta mwanamke aliyeimba. Bado haujajifunza vya kutosha kumtafuta mwanamke aliyesikiliza.

3. Mwaka 1982 na kuchuja kwa msanii

Mwaka 1982 Rugamba aliugua ghafla ugonjwa uliomshika kichwani. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kumbukumbu, sauti na mwili alijikuta vitu hivyo vitatu vinamtoka. Ni katika kipindi hicho, na husimuliwa kuwa ni ndani ya ndege alipokuwa akipelekwa Ulaya kutibiwa, ndipo alipotunga wimbo wa dini ulio mashuhuri kuliko zote, Nzataha Yeruzalemu. Alipona, akamwomba mkewe msamaha, na sehemu kubwa ya utunzi wake ikahamia ibadani. Mwaka 1990 wawili hao walikuwa waanzilishi wa Jumuiya ya Emmanuel nchini Rwanda, na baadaye wakaanza kuwalisha watoto wa mitaani wa Kigali.

Kwa jicho la ukumbi, huyu ni msanii aliyechuja. Aliyekuwa akibuni miondoko kwa ajili ya macho ya umma sasa anatunga kwa ajili ya watu wanaofumba macho. Kwa jicho la kanisa, huyu ndiye kwanza anang'aa. Mimi naona pande zote mbili zinakubaliana mno juu ya jambo ambalo halijathibitishwa, yaani kwamba mwaka 1982 kulikuwa na Rugamba wawili, wa kabla na wa baada.

Tuangalie kitenzi kilichobeba anwani ya wimbo huo. Gutaha kwa Kinyarwanda ni kurudi nyumbani, na hasa kurejea jioni baada ya kazi au safari. Ndicho kitenzi kinachotumika pia kwa kuhudhuria harusi, gutaha ubukwe. Mtunzi aliyebobea katika lugha hakukiokota kitenzi hicho ovyo. Mji wa mbinguni unasemwa kama nyumba inayorejewa jioni, na neno lenyewe linabeba harufu ya arusi. Anayelisema ni mume aliyewahi kumtoa mke wake nyumbani. Wahubiri huusikiliza wimbo huu kama wimbo wa kifo. Naamini unaweza kusikilizwa pia kama wimbo wa ndoa, na kwamba usomaji huo hauupunguzii utakatifu wake. Wala ufundi wake si mpya. Kusifia mahali kwa kupandisha majina ya sifa, kumweka mwimbaji katika nafsi ya kwanza anayeahidi tendo, kuchelewesha kilele: haya ni mambo ya ushairi wa sifa wa Rwanda ambao Rugamba aliujua kama mtafiti kabla hajautumia kama mwamini.

Ushahidi mwingine ni wa kazi yake ya kitaaluma. Kitabu chake kuhusu ushairi wa kifalme, La poésie face à l'histoire, kilichapishwa Butare mwaka 1987, yaani miaka 5 baada ya wongofu. Padre Alexis Kagame, aliyefariki 1981, alikuwa ameukusanya na kuutetea ushairi huo tangu miaka ya 1940 na 1950 kama hazina ya historia ya nchi. Rugamba alirudi kwenye uwanja huohuo akiwa tayari ni mtu wa sala, na swali lake, kama anwani inavyodokeza, lilikuwa la mwanahistoria: ushairi unasimamaje mbele ya historia? Mtu aliyeutupa ulimwengu wa mila kama ubatili asingeuandikia kitabu. Basi hadithi ya msanii aliyelizima jukwaa lake ili aipate familia yake inafaa mahubiri kuliko inavyofaa ushahidi.

Hapa pana jambo jingine ambalo watafiti wa sanaa na siasa wasilipite. Jukwaa la Rwanda ya miaka ya 1970 na 1980 halikuwa uwanja huru. Chini ya chama cha MRND, kilichoundwa 1975, nyimbo na ngoma za kumtukuza kiongozi zilikuwa sehemu ya wajibu wa kiraia. Viongozi wa vikundi vya ngoma walikuwa watu wa kuhitajiwa na kutazamwa. Simon Bikindi, kiongozi wa kikundi cha Irindiro, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, mjini Arusha, tarehe 2 Desemba 2008, kifungo cha miaka 15 kwa uchochezi wa moja kwa moja aliotamka kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994. Inafaa kukumbuka kuwa hakutiwa hatiani kwa sababu ya nyimbo zenyewe. Wawili hawa, wote wakuu wa vikundi vya ngoma, wote watunzi wa nyimbo zilizojulikana nchi nzima, waliishia kwenye pande mbili za bunduki. Mhakiki anayedai kuwa mila, kwa asili yake, huponya, au kwamba kwa asili yake hugawa, ana kesi mbili hizi za kuzieleza kwa pamoja.

4. Tyrone, Archie Rice na Siti

Fasihi ya dunia imemshughulikia msanii anayechuja na familia yake kwa ukali usio na kifani katika tamthilia mbili ambazo, kwa sadfa, zilifika kwa umma karibu wakati mmoja. Long Day's Journey into Night ya Eugene O'Neill ilichapishwa 1956, ingawa mwandishi alikuwa ameimaliza mwanzoni mwa miaka ya 1940 na alitaka ifungiwe hadi miaka 25 ipite baada ya kifo chake. The Entertainer ya John Osborne iliigizwa London mwaka 1957, Laurence Olivier akiwa Archie Rice.

Kwa O'Neill, mzee James Tyrone ni mwigizaji aliyenunua mchezo mmoja wenye faida na kuurudia mpaka kipaji chake kikafa ndani yake. Mkewe Mary analalamika kuwa hakuwahi kuwa na nyumba, bali hoteli tu. Kwa Osborne, Archie ni mchekeshaji wa kumbi zinazokufa pamoja na dola ya Kiingereza. Mwanawe mmoja anauawa katika vita vya Suez, na baba yake mzee, Billy, anarudishwa jukwaani ili kumwokoa Archie na madeni, naye anakufa. Kuna ukatili mahususi katika tukio hilo la Billy. Familia inayodhulumiwa na jukwaa inageuka na kumdhulumu mwanajukwaa wake mzee kuliko wote. Wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kwenda London kulielewa. Katika mwaka 2012, muda mfupi kabla ya kifo cha Bi Kidude mwezi Aprili 2013, Zanzibar nzima ilibishana iwapo bibi huyo apumzishwe na jamaa zake au aendelee kupandishwa jukwaani, na kila upande ulidai kusema kwa niaba yake.

Rugamba hafanani na Tyrone wala Archie kwa jambo moja la msingi. Wao wawili jukwaa lao ni soko. Linapokosa wateja, wao wanakosa nafsi. Rugamba hakukosa wateja. Alichuja katika ukumbi kwa sababu mwili ulimwasi na kisha moyo wake ukachagua hadhira nyingine. Ndiyo maana vigezo vya tamthilia za Magharibi havimtoshi, na wanafunzi wetu wanaopenda kumbandika kila msanii mzee wa Afrika jina la Archie Rice wanapaswa kuonywa. Ila somo moja linabaki: O'Neill na Osborne waliuweka ugomvi wa nyumbani jukwaani, wakamwacha kila mwanafamilia aseme. Mary Tyrone ni mgonjwa, ni mwongo, na pia ndiye anayesema ukweli mchungu kuliko wote. Daphrose wa masimulizi ya kidini hajaruhusiwa hata kosa moja.

Mapokeo ya wasifu kwa Kiswahili nayo yana lawama yake. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert ndio kitabu kilichotufundisha kuandika maisha ya msanii kwa lugha hii, na nathari yake haijapata mshindani. Lakini Shaaban anamwandika Siti kama kielelezo cha tabia njema: taabu zake zinatajwa ili ushindi wake upendeze. Msomaji hutoka akiwa amemheshimu Siti kuliko alivyomjua. Nadhani mtindo huu wa kielelezo ndio unaofanya masimulizi ya Rugamba yapokewe kirahisi na wasomaji wa Kiswahili. Tumezoea wasifu ulio ndugu wa mahubiri.

5. Mwana kama mhakiki

Mhakiki wa kwanza wa kweli wa Rugamba alitoka katika nyumba yake mwenyewe. Dorcy Rugamba, aliyezaliwa 1969, alijifunza jukwaa kwa baba yake. Hakuwapo Kimihurura siku ile ya Aprili. Baada ya kwenda Ulaya alisomea uigizaji Liège, akawa miongoni mwa waandishi na waigizaji wa Rwanda 94, kazi ya kundi la Groupov inayochukua takribani saa 6, ambayo ililetwa Rwanda mwaka 2004 wakati wa kumbukumbu ya miaka 10. Aliongoza pia, pamoja na Isabelle Gyselinx, waigizaji wa Rwanda katika tamthilia ya Peter Weiss juu ya kesi ya Auschwitz iliyosikilizwa Frankfurt. Baadaye alianzisha Rwanda Arts Initiative mjini Kigali.

Katika kazi hizo za mwanzo, familia ya msanii inazungumzwa kupitia mlango wa nje. Rwanda 94 inauliza juu ya mamilioni ya watazamaji duniani na walichoambiwa. Tamthilia ya Weiss inatumia maneno ya mahakama ya Ujerumani, na uzito wa toleo la Rwanda unatokana na midomo inayoyatamka. Ni mbinu ya staha: mwana hasimami kusema "baba yangu", anamwazima mgeni ushahidi wake. Naihesabu kazi ya Weiss iliyochezwa na Wanyarwanda kuwa hatua kubwa katika tamthilia ya kanda hii, na inasikitisha kwamba madarasa yetu ya Kiswahili yanapofundisha tamthilia ya ushahidi bado huishia kwenye mifano ya Ulaya.

Katika Marembo, kilichotoka 2005, na Hewa Rwanda, barua kwa wasiokuwapo iliyochapishwa kwa Kifaransa mwaka 2024 na ambayo mwandishi huisoma jukwaani akiandamana na mwanamuziki Majnun, mwana anaingia ndani. Neno amarembo kwa Kinyarwanda ni malango ya ua, pale mgeni anapopokelewa na pale adui anapopitia. Anwani ya pili nayo humgusa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa analisikia humo neno lake mwenyewe, la kitu kisichoonekana ambacho bila hicho sauti haisafiri. Sitajenga nadharia juu ya mlio wa neno.

Kinachostahili mjadala ni umbo la barua. Barua kwa waliokufa ina uhuru ambao wasifu hauna: haihitaji kuthibitisha, haihitaji kufikia hukumu, na inaweza kumwita baba kwa jina la nyumbani badala ya jina la bango. Inamrudisha msanii sebuleni, kwenye igitaramo, ambako nyimbo zake zilisikika kabla ya ukumbi kuzipata. Wakati huohuo barua ina mpaka wake. Haipokei jibu. Wanaoandikiwa hawawezi kubisha, na mpenzi anayeandika ana kila sababu ya kuwa mpole. O'Neill aliwarudisha wazazi wake waje wagombane mbele yetu. Barua huwarudisha ili wasikilize. Kwa watu waliouawa kwa namna ile, tofauti hii si ya kiufundi tu. Kuwagombanisha jukwaani wazazi waliouawa pamoja asubuhi moja kungehitaji moyo ambao hakuna mhakiki mwenye haki ya kuudai kwa mwana. Anachoweza kusema mhakiki ni kwamba pengo lipo, na kwamba si lazima lijazwe na mwana.

Tena ipo faida ambayo masimulizi ya kidini hayakuikusudia. Kwa kumpandisha jukwaani yeye mwenyewe kama msomaji wa barua, Dorcy analirudisha jukwaa kwenye heshima yake. Anaomboleza kwa ufundi uleule ambao baba yake alisemekana kuuacha ili awe mume mwema. Nyumba ya Kimihurura ilipokwisha, kilichosalia na kuweza kuibeba kilikuwa ni jukwaa.

6. Haki, hifadhi na Kiswahili

Watunga sera hupenda kuulizwa jambo linaloweza kufanyika, na kesi hii inayo machache ya wazi.

Kwa kipimo cha chini cha Mkataba wa Berne, ulinzi wa kazi ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa mtunzi aliyeuawa 1994 maana yake ni hadi mwisho wa 2044 kwa uchache. Nyimbo za Rugamba zinaimbwa kanisani na nje ya kanisa, na kwa desturi zetu wimbo unaoimbwa na wote huonekana mali ya wote. Upendo wa umma usigeuke kuwa hati ya umiliki. Warithi wa msanii aliyeuawa pamoja na sehemu kubwa ya familia yake wako katika hali ambayo sheria za kawaida za mirathi hazikuifikiria: nyaraka zilizochomwa au kuporwa, mashahidi wa mikataba waliokufa siku moja, na kanda zilizobaki mikononi mwa taasisi ambazo majina na wizara zake zimebadilika mara kadhaa tangu hapo. Mzigo wa kuthibitisha umiliki hauwezi kuachiwa manusura peke yake. Taasisi inayoshika kanda ndiyo yenye daftari, na ndiyo inayopaswa kuanza kusema inacho nini.

Ngoma ni ngumu zaidi. Wimbo una mtunzi, lakini miondoko ya kikundi hukaa katika miili ya wachezaji, na wachezaji wa Amasimbi n'Amakombe walioiishi miaka ya 1970 sasa ni wazee. Kila mmoja wao ni maktaba yenye sehemu moja tu ya kitabu. Programu za turathi zisizogusika katika nchi zetu zimezoea kurekodi ngoma ya "jamii" bila jina la mbunifu, kana kwamba mila hujitunga yenyewe. Rugamba ana jina, ana tarehe na ana wanafunzi walio hai. Kurekodi kazi yake kama ngoma ya asili isiyo na mwenyewe kungekuwa njia ya tatu ya kumfifisha, baada ya ile ya kumpa utakatifu bila jukwaa na ile ya kumpa jukwaa bila nyumba.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017. Mjadala mwingi tangu hapo umehusu walimu, mitihani na istilahi za ofisini, mambo ambayo hayaepukiki. Ila lugha haiingii katika nchi kwa kufundishwa tu. Huingia kwa kubeba kitu ambacho wenyeji wa nchi hiyo wangependa jirani wakijue. Tafsiri ya tungo za Rugamba kwa Kiswahili, ikifanywa kutoka Kinyarwanda moja kwa moja bila kupitia Kifaransa, ingewalazimisha wafasiri kuamua mambo magumu: je, gutaha kiwe kurejea, kurudi nyumbani, au kuingia arusini? Je, majina ya sifa yabaki yalivyo, kama Waswahili walivyoyaacha majina ya mashujaa katika tenzi, au yafasiriwe na kupoteza mlio? Mfasiri mmoja hawezi kuyajibu haya akiwa mezani kwake. Anamhitaji mzee aliyeimba katika kikundi, mtu anayejua ibyivugo, na kama yupo aliye tayari kukumbuka, mtu aliyewahi kuketi sebuleni pale Kimihurura na kumsikia Daphrose akiziimba nyimbo hizo huku akifanya kazi zake.